Nguzo Chini ya Tope

Kitu cha kwanza kilichoninyima hamu ya kula siku ile kilikuwa pampasi. Ilikuwa imenasa kwenye mlango wa maji wa jaruba la kwanza kabisa, imevimba kama mkate uliolowa chai, na maji yote yaliyokuwa yakienda kwenye mpunga wa mtu yalikuwa yanapita kwanza ndani yake. Hatukuwa tumetembea hata dakika tano kutoka barabarani Kiberege. Mama aliyekuwa akiniongoza aliichokoa kwa fimbo, akairusha kando, akaendelea na safari kana kwamba amesogeza jani.

"Inatoka wapi hii?" nilimuuliza.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Kwa wenye hela za pampasi, baba. Wa kwetu wanajinyea hivi hivi."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilitoa kichupa cha kitakasa mikono mfukoni nikajipaka mpaka kwenye viwiko, ingawa sikuwa nimegusa kitu.

Niseme mapema mimi ni nani, maana bila hilo mtu atadhani ni mgeni tu anayeogopa tope. Nimezaliwa huku huku. Niliondoka na begi moja la kitambaa, nikabeba mizigo sokoni Dar es Salaam, nikalala chumba cha watu sita, nikajisomesha mwenyewe mpaka nikapata diploma ya upimaji wa ardhi. Sikuwa na mjomba ofisini wala mfadhili wa Kizungu. Nimepima viwanja ambavyo leo vimebeba maghorofa. Niliporudi nilijenga Lumemo nyumba yenye vigae na dari ya jipsamu, nikamhamishia mama yangu humo, na hadi leo watu wakielekezana mtaa ule husema, "Ukifika kwa yule mpimaji, kata kulia." Nyumba hiyo haina hata tofali moja la mtu mwingine. Huwa nalisema jambo hilo waziwazi, na sioni kwa nini nilifiche.

Kilichonirudisha kwenye majaruba ni kesi. Baba, ambaye alifariki nikiwa Dar, alituachia shamba la mpunga nyuma ya Kiberege, na chini ya shamba letu kuna shamba la familia ya Kisukuma iliyokuja na ng'ombe wake nikiwa mdogo. Mzee wao naye amekufa, amebaki mjane wake. Mama yangu alikuwa akilalamika kwa miaka kwamba watu wale wametumega, kwamba jaruba lao la juu, lile lenye maji mazuri kuliko yote, kwa haki ni letu. Mimi nilikuwa na mpango wa pampu na mbegu bora, na jaruba lile ndilo lingefaa kuliko mengine. Nikafungua shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji.

Kwenye baraza ikaonekana kwamba pande zote mbili zinakubaliana jambo moja. Mpaka wa asili ulikuwa hatua tatu juu ya dungu la yule mzee wa Kisukuma. Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo, ambamo watu wa bonde hili hulala wakati wa kuamia mpunga, kuwafukuza ndege na nguruwe, na mzee yule alilijenga la kwake ukingoni kabisa mwa shamba lake, huku akituangalia sisi wa juu. Liliungua nikiwa darasa la pili au la tatu, wakajenga jingine mbali. Sasa mama yangu alisema dungu lile lilikuwa kule chini karibu na mtaro. Mjane alisema lilikuwa juu. Baraza likaamua: Jumamosi wote tufike shambani, na atakayeonyesha nguzo zilipokuwa ndiye mwenye mpaka. Nguzo zilikuwa za mninga, zimechomwa moto upande wa chini zisiliwe na mchwa. Mbao za namna hiyo haziozi ndani ya tope.

Kabla ya Jumamosi, kila upande uliruhusiwa siku moja ya kupita shambani pamoja na mwelekezi asiyekuwa na upande. Ndiye mama huyo wa fimbo, Mndamba mmoja wa makamo mwenye shamba lake mbali na yetu. Kazi yake ilikuwa kunipitisha bila kukanyaga mpunga wa watu, kuniingiza kwenye jaruba ambalo peke yangu nisingeruhusiwa kuingia, na kunyamaza kuhusu mpaka. Desturi ya huku haina mzaha: huingii jaruba la mtu lenye mpunga, hata kama kuku wako amezama humo.

"Shikamoo," nilikuwa nimemwambia asubuhi ile, tulipokutana.

"Marahaba, msomi." Aliniangalia kuanzia chini: gambuti mpya, suruali ya mifuko mingi, kofia, miwani ya jua, fimbo ya chuma ya kuchomea ardhi, simu yenye ramani shingoni. "Unaenda vitani au shambani?"

"Naenda kufanya kazi kitaalamu."

"Haya. Tope halijui cheti, lakini twende."

Majaruba ya huku hayako tambarare kama ya Namawala. Yanaanza kwenye miguu ya milima na kushuka ngazi kwa ngazi, kila moja likimwagia jirani yake wa chini maji yaliyomzidi. Wageni wakisimama barabarani husimamisha magari na kupiga picha. Ni kweli, ukiwa barabarani, mwezi wa tatu, mpunga ukiwa magotini, ni kijani ambacho hata mimi nikiwa Dar nilikuwa nikikiona nikifumba macho. Lakini picha haina pua. Ukishuka humo unakuta harufu ya maji yaliyolala, mavi ya ng'ombe, samaki waliokufa kwa dawa ya magugu, na kitu kingine cha utamuutamu ambacho sikukijua na sikutaka kukijua. Na kwa kuwa maji yanashuka, uchafu nao unashuka. Anachonawa wa juu, wa chini anakipikia.

Hilo nililiona kwa macho. Kwenye jaruba la nne kijana alikuwa akipulizia dawa kifua wazi, bila hata kitambaa puani. Alipomaliza alisuuza bomba lake kwenye mtaro. Hatua hamsini chini yake mwanamke alikuwa akichota maji kwenye mtaro huo huo, na chombo alichochotea kilikuwa dumu la dawa ile ile, bado lina picha ya fuvu.

"Mama, hayo maji yana sumu!" nilimwita.

Alinitazama, akamtazama mwelekezi wangu. "Huyu nani?"

"Mtoto wa marehemu wa pale juu. Kasoma."

"Aa." Akajitwisha dumu lake. "Mwambie atuletee bomba la maji basi, kelele tunazo."

Nilitaka kumjibu, ila nilikuwa nimekanyaga vibaya. Kingo za majaruba ni nyembamba kama mgongo wa mbuzi, na gambuti langu la kushoto lilizama hadi juu, likajaa. Nilipolivua kumwaga maji nikakuta ruba wawili, mmoja kwenye kifundo na mwingine kati ya vidole, weusi, wanateleza, wameshaanza kunenepa kwa damu yangu. Nilipiga kelele ambayo sitaki kuielezea. Mwelekezi aliwabandua kwa ukucha, akawarusha kwenye mpunga wa mtu.

"Sasa umewapa nauli ya kurudi," alisema.

Damu haikutaka kukatika. Ilinichuruzika mguuni njia nzima, ikichanganyika na tope, na nzi wakaanza kunifuata kama ninauza nyama. Nilijiuliza mara nyingi njiani: hawa watu wanawezaje? Si swali la huruma. Lilikuwa swali la kinyaa. Mimi nilipoondoka hapa nilijisugua. Nilijifunza kunawa, kuvaa, kusema, kula kwa uma. Wao wamebaki wakinywa wanachokanyaga, na wanakucheka ukishangaa.

Tulipofika karibu na shamba letu alitaka tupumzike kwenye dungu la watu anaowafahamu. Walikuwa wakila. Wali, na pande la kambale lenye mchuzi mwekundu. Nilimwona kambale yule na kichwani mwangu nikaona mtaro mzima: pampasi, bomba la dawa, dumu la fuvu.

"Karibu chakula," walisema.

"Nimeshiba."

"Hata tonge?"

"Nimeshiba kabisa, asanteni."

Mtu wa huku hakatai tonge la kwanza, akikataa ana neno. Mwelekezi wangu alinawa, akala, akalamba vidole kimoja baada ya kingine huku akiniangalia.

"Baba yako alikuwa anakula hapa," alisema tulipokuwa tunashuka. "Alikuwa anakula sana."

"Baba alikuwa mtu wa zamani."

"Mh," alisema.

Tukaanza na jaruba la mjane, lile la ugomvi. Kwenye ramani yangu lilikuwa limechorwa vizuri, kingo zake nimezipa rangi, na mahali mama aliponiambia dungu lilikuwa nimeweka alama nyekundu karibu na mtaro. Niliingia na fimbo ya chuma nikaanza kuchoma tope kwa mistari, kila nusu hatua, kama tunavyofanya tukitafuta mawe ya mipaka yaliyofukiwa. Hakuna fundi aliyenifundisha kufanya kazi ile hovyo. Nilichoma kwa saa nzima, halafu saa nyingine. Jasho lilininyeshea ndani ya miwani. Kila fimbo ilipozama, tope lilitoa povu na harufu ya yai viza ikanipanda mpaka kwenye meno. Sikupata kitu. Mizizi, kiatu cha plastiki cha mtoto, mfupa wa mnyama ambao ulibaki kwenye ncha ya fimbo ikabidi niukung'ute.

Mwelekezi alikuwa amekaa kwenye kingo akichezesha vidole vya miguu majini.

"Chuma hakisikii," alisema mwishowe. "Wala gambuti halisikii. Mti ulio chini ya tope unatafutwa kwa unyayo."

"Siwezi kuvua viatu humu."

"Basi usivue. Jumamosi si mbali, watavua wengine."

Nilivua. Sitasahau jinsi tope lile lilivyoingia kati ya vidole. Lilikuwa vuguvugu juu na baridi chini, laini kama kitu kilichokwisha kutafunwa. Nilitembea huku nimekunja uso, nimeinua mabega, nikipapasa kwa nyayo ambazo kwa miaka mingi zilikuwa hazijakanyaga kitu kichafu kuliko zulia la msikitini nilipokwenda kupima. Nilimaliza jaruba lote la mjane, kona kwa kona, na alama yangu nyekundu niliikanyaga mara tatu. Hakukuwa na nguzo.

Nikasema basi, tupande, tutoke kupitia shamba letu, ni karibu zaidi na barabara. Nilivuka kingo ya mpaka nikiwa bado sina viatu, gambuti nimeyashika mkononi, nikakatisha katikati ya mpunga wetu wenyewe ambao tunawalipa vibarua kuulima. Nilikuwa nawaza sabuni. Nilikuwa nimetembea kama hatua nane kutoka kwenye kingo, ndani ya shamba letu, kidole gumba changu kilipogonga kitu kigumu, nikaanguka magoti.

"Umejikwaa?"

"Ndiyo."

"Pole. Jiwe?"

Mkono wangu ulikuwa tayari uko ndani ya tope. Ulikuwa umekishika. Kilikuwa cha mviringo, kipana kama sahani ya chai, na uso wake ulikuwa na mikwaruzo ya mti ulioungua.

"Ndiyo," nilisema. "Jiwe."

"Huku hakuna mawe, baba," alisema. Hakunitazama. Alikuwa anatazama ndege.

Mpimaji akishapata nguzo moja haombi msaada. Nilijifanya ninanawa, nikasogea hatua tatu kulia kwa unyayo, ikawepo ya pili. Nikasogea chini, ya tatu. Sikwenda kwenye ya nne. Nilijua ipo. Pembe mraba ikikutazama huhitaji kuiuliza jina. Dungu la yule mzee wa Kisukuma lilikuwa limesimama ndani ya shamba ambalo leo ni letu, na kutoka hapo hadi kwenye kingo ya sasa kulikuwa na ukanda mzima wa mpunga wetu uliostawi vizuri, mrefu kuliko wote.

Nikiwa nimepiga magoti pale, tope limenifika kiunoni, nikakumbuka. Sikuwa nimesahau, sema nilikuwa nimekumbuka vibaya. Nilikuwa nimekumbuka kama mchezo. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa, alfajiri, watu wakiwa kanisani au bado wamelala, baba alikuwa akienda kutengeneza kingo. Alikwangua udongo upande wetu akaubandika upande wa jirani. Jembe moja tu. Upana wa jembe moja, kila mwaka, toka mwanzo hadi mwisho wa kingo. Na kwa kuwa shamba letu lilikuwa la juu, maji yetu yalijaza nafasi hiyo kwa tope, na msimu ukianza hakuna aliyeweza kujua. Mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga udongo mpya ushikamane. Nilikuwa napenda sana. Nilikuwa nakanyaga kwa visigino, nikihesabu, na baba alikuwa akisimama kando akifunga jicho moja kuangalia kama mstari umenyooka.

"Huyu," alikuwa akisema, "atakuwa mtu wa vipimo."

Wakati huo huo ndiye aliyekuwa akitufundisha mezani kwamba wale ni wageni na wageni hawatosheki. Wageni! Sisi wenyewe babu alishuka kutoka Mahenge. Na kujenga kingo kwenyewe baba alifundishwa na mzee yule wa Kisukuma. Kabla ya hapo tulikuwa tunalima wazi na maji yanatuponyoka. Nilikuwepo siku ile mzee alipokuja na jembe lake, akamwonyesha baba jinsi ya kuinua udongo, jinsi ya kuacha mlango wa maji, akachafuka hadi kwenye nyusi, wakacheka pamoja, akala kwetu. Halafu tukamla.

Nilitapika. Siandiki hivyo kwa mapambo. Nilitapika kwenye mpunga wetu, chai ya asubuhi na mkate, na vikaelea vikielekea chini, kwa mjane, kama vitu vyote.

Mwelekezi alinisubiri nimalize. Akanipa kanga yake nifute uso. Ilikuwa inanuka samaki. Nikajifuta nayo.

"Mimi sijaona kitu," alisema. "Kazi yangu ni kuelekeza njia, na njia nimekuelekeza. Vaa viatu, kuna miiba mbele."

Lumemo nilifika jua likiwa bado juu. Niliingia na miguu ile ile kwenye vigae vyangu, nikaacha nyayo kutoka mlangoni hadi uani kwa mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliziangalia nyayo, halafu akaniangalia mimi.

"Umefika mpaka shambani kweli," alisema.

"Mama, dungu halikuwa kwenye mtaro."

Aliendelea kuchambua.

"Liko ndani kwetu. Hatua nane. Ulijua?"

"Nilikuwa napika uji wa kuwapelekea mkitoka kwenye kingo. Kwa nini nisijue?"

"Na ukaniacha niende barazani kudai tena?"

"Nilidhani wewe ni msomi," alisema. "Nilidhani msomi atashinda." Akatupa punje yenye ganda. "Watu wale wana ng'ombe, mwanangu. Sisi tulikuwa na nini?"

"Ni wizi."

Hapo aliweka ungo chini. Sijawahi kumwona mama yangu akiniangalia vile, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani.

"Gunia lililokuandikisha sekondari lilitoka wapi? Shati lako jeupe? Begi lile la kitambaa ulilokuwa unajisifia kwamba uliondoka nalo tu, nauli ya ndani yake ilitoka wapi? Ulikula nini, wewe? Vigae? Unanuka, nenda ukaoge."

Niliogea sabuni nzima. Nilisugua kucha kwa mswaki wa zamani. Nimesema huko juu kwamba nyumba yangu haina tofali la mtu mwingine, na sijalifuta, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema kila siku, na nililisema hadharani, kwenye vikao, kwenye harusi za watu. Nilipokuwa bafuni kwangu, penye maji ya moto niliyoyavuta mwenyewe, nilikaa nikiangalia tope likizunguka kwenye tundu la maji, na kinyaa nilichokuwa nacho asubuhi kwa watu wa majaruba hakikuondoka. Kilibadilisha tu anwani. Harufu ile ya utamuutamu ambayo sikuijua, ilikuwa bado iko kwenye ngozi.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza hivyo siku mbili, na ninaandika kwa sababu niliwaza. Mjane hakuitumia siku yake ya kupita shambani, na bila hiyo asingeweza kuingia kwenye mpunga wetu kutafuta. Baraza lisingepata nguzo kwenye mtaro, shauri lingekufa, kingo ingebaki pale ilipo. Nisingepata jaruba lake, ila nisingepoteza letu. Hakuna ambaye angejua isipokuwa mama anayekaa kwangu na mwelekezi ambaye hakuona kitu.

Jumamosi walikuja watano wa baraza, mwenyekiti wa kitongoji, na mjane, ameshikwa mkono na mwelekezi wangu kwa sababu macho yake hayaoni vizuri tena. Mama yangu alikataa kuja. Mwenyekiti alisema mdai aanze.

Nilivua viatu mbele yao. Viatu vya ngozi safari hii, kwa kuwa sikutaka mtu aseme nilijiandaa kwa tope. Nilikunja suruali ya kitambaa. Badala ya kushuka kwenda kwa mjane nilipanda kwenye shamba letu, na nikasikia mmoja wao akisema, "Msomi kapotea njia." Nilihesabu, nikapapasa, nikasimama juu ya nguzo ya kwanza kwa mguu mmoja kama korongo.

"Hapa," nilisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Dungu lilikuwa hapa. Nguzo ninaikanyaga. Mpaka ni hatua tatu juu yangu. Kingo ile iliyoko chini ilihamishwa na baba yangu, na mimi nilikuwa namsaidia."

Wenye vyeti vikubwa kuliko changu wapo wengi bonde hili, na sidhani kama kuna hata mmoja ambaye angesimama hivyo. Hilo nalisema kwa fahari, na hiyo ndiyo fahari pekee niliyotoka nayo shambani. Wazee wawili waliingia wakapapasa, wakazikuta zote nne. Walirudi kwenye kingo wakifuta mikono. Mwenyekiti aliandika, akafuta, akaandika tena.

Nilikwenda mpaka alipokuwa mjane. Nilikuwa nimekumbuka salamu yao, niliyoijua utotoni.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Aligeuza uso kuitafuta sauti yangu. "Wewe ndiye uliyekuwa unakanyaga?"

"Ndiyo, mama. Naomba radhi."

"Tulikuwa tunakuona. Tuko juu ya dungu jipya, tunakuona unarukaruka kama mwanambuzi. Mume wangu alisema acheni, ana watoto wengi, atashiba ataacha." Akaushika vizuri mkono wa mwelekezi. "Hakuacha."

Nilitegemea nini, sijui. Labda ashukuru. Labda alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nilikuwa na leso safi mfukoni.

"Sasa kingo irudi," alisema. "Na usilete vibarua. Wewe mwenyewe, na miguu hiyo hiyo. Ukimaliza niite nije nipapase."

"Nitakuja Jumatatu, mama."

"Jumatatu ya nini? Maji yamejaa leo."

Mwelekezi akanipa jembe lake. Alikuwa amelibeba tangu asubuhi, na mimi nilidhani anatoka shambani kwake. Wazee wa baraza wakakaa kwenye majani wakatoa mahindi ya kuchemsha, maana hakuna mtu wa huku anayekosa kuangalia mtu mwenye shati la ofisini akiinua kingo.

Kingo haiinuliwi kwa nguvu. Unakata udongo upande mmoja, unaubandika upande wa pili, unaukanyaga kwa kisigino mpaka uache kulia. Ilifika saa saba mchana bado sijamaliza hata nusu. Ruba walinipanda, nikaacha kuwahesabu. Tope liliingia kwenye kucha, kwenye nywele, mdomoni, na niligundua ladha yake ni kama chuma. Bado ninakichukia kila kitu cha kule chini, na ninayeandika haya sijageuka mpenda tope. Nilikuwa nimefika karibu na mlango wa maji pampasi nyingine iliposhuka kutoka juu, taratibu, imevimba, ikanasa mbele yangu.

Nilitazama huku na huku kutafuta fimbo.

"Mkono," mwelekezi aliniambia kutoka kwenye majani, mdomo umejaa mahindi.